Wazee wa kanisa wameniletea karatasi nitie sahihi

Hujambo Shangazi,

Nina umri wa miaka 27, nimeoa, na tuna mtoto wa miezi saba. Kazi yangu ni fundi wa umeme. Barua hii nimeianza kwenye simu mara nne nikaifuta. Leo naiandika kwenye daftari, mke wangu amelala.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la saba katika shule ya msingi ya bweni huku Bonde la Ufa. Ni shule ya serikali, lakini kanisa ndilo mfadhili na jina lake ndilo limeandikwa langoni. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwalimu wa bweni, ambaye pia alitufunza hisabati, alinipenda. Ndivyo kila mtu alivyosema: mwalimu anampenda huyu mtoto. Usiku taa zikishazimwa alikuja na tochi, akagonga sanduku langu la bati kwa funguo, mara mbili, akaniita nikamsaidie kuhesabu madaftari. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya jikoni. Shangazi, hapakuwa na madaftari ya kuhesabu. Sitaandika zaidi ya hapo, nadhani umenielewa. Yaliendelea muhula wa pili wote na nusu ya muhula wa tatu, kisha akaacha ghafla, bila neno. Nilikuwa na miaka 13.

Mwaka uliofuata nilifanya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na nikapita vizuri. Mama hakuwa na karo. Mwalimu yule yule ndiye aliyenilipia muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, akaninunulia na godoro na viatu. Mama alisimama kanisani akamshukuru huku analia. Mimi nilikuwa kando yake nimeshika bahasha.

Nilikaa na jambo hili peke yangu hadi Novemba iliyopita. Tulikuwa kwenye mazishi ya kijana tuliyelala naye bweni moja. Mwenzangu mmoja, nitamwita Musa, alinivuta nyuma ya hema akaniuliza polepole, "Wewe pia alikuwa akikuita kuhesabu madaftari?" Sikuweza kujibu. Miguu iliniisha nguvu nikakaa kwenye kreti ya soda. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi tu. Sasa tunajua tuko watatu, na yuko wa nne ambaye hataki kuongea.

Januari tuliandikia kanisa barua. Kimya. Kisha wazee wawili wakaja, si kwangu, bali kwa mama. Walikuja na karatasi ya ukurasa mmoja. Inasema kila mmoja wetu atapewa Sh350,000 kama "msaada wa uponyaji", kwamba "pande zote zimesameheana", na kwamba jambo hili halitazungumzwa tena popote, iwe polisi au mahakamani. Walimwambia mama kwamba mwalimu ana kisukari, ana familia, na anakaribia kustaafu. Yeye bado anafunza. Alihamishwa, sasa ni naibu mwalimu mkuu katika kaunti nyingine.

Mama ananiambia funika kombe mwanaharamu apite. Ananikumbusha nani alinilipia karo. Musa naye anataka tuweke picha ya mwalimu kwenye Facebook tuandike kila kitu. Mke wangu hajui lolote. Anashangaa tu kwa nini simwachi mtoto na mwanamume yeyote, hata kaka yake. Asilolijua ni kwamba hata mimi mwenyewe siwezi kumwogesha. Naiogopa mikono yangu.

Na sitakudanganya, pesa nazihitaji. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji na bado tunadaiwa Sh90,000 hospitalini. Lakini usiku najiuliza swali moja: kama alinilipia karo, si nilishalipwa? Sasa nadai nini tena?

Wazee wanarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuchukua karatasi.

Ni mimi,
Mhesabu Madaftari

*

Mwanangu,

Nilipofika pale unapouliza kama ulishalipwa niliiweka barua mezani nikatoka nje kidogo. Kwa hiyo nitaanzia hapo, karatasi ya wazee ingoje.

Mtoto wa miaka 13 hana cha kuuza. Hukuombwa bei, hukupatana na mtu, na godoro lile halikuwa malipo ya kitu ulichotoa. Lakini naelewa kwa nini fundo hili halifunguki. Watu wa namna hii mara nyingi huchagua nyumba yenye pengo, na yenu ilikuwa imetoka kuzika baba. Wakishalijaza pengo, nyumba nzima inawashukuru, na mtoto anabaki ameshika bahasha mbele ya waumini. Ungesema nini siku ile? Nani angekusikia juu ya kilio cha mama? Unaweza kuwa na shukrani kwa sababu ulisoma, na ukawa na hasira kwa sababu ya yaliyotendeka nyuma ya jikoni. Moja halifuti jingine. Huna haja ya kuchagua.

Sijaona ukiuliza waziwazi kwa nini ulinyamaza miaka 14, ila nalisikia swali hilo chini ya mengine. Nchini Australia serikali iliunda tume kubwa iliyofanya kazi kati ya 2013 na 2017 kuchunguza dhuluma za kingono kwa watoto katika shule, makanisa, makao ya watoto na taasisi nyinginezo. Maelfu ya manusura walikaa na makamishna faraghani wakasimulia. Kwa wastani ilikuwa imewachukua karibu miaka 24 kumwambia mtu yeyote. Na wengi wao walikuwa wanaume. Wanaume ninaokaa nao mimi huanza kwa kuniambia habari za mpira, au bei ya mafuta, na nusu saa hupita kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Wewe umeanza mara nne ukafuta, ya tano ukaimaliza.

Sasa karatasi. Nikiisoma barua yako naona mambo manne: pesa unazohitaji, haki unayoidai, watoto walio mikononi mwa mtu huyu leo, na nyumba yako mwenyewe. Ni mambo manne tofauti, na kila moja lina wakati wake na watu wake wa kuliongea. Wazee wameyakunja yote kwenye ukurasa mmoja na wanataka uyajibu kwa sahihi moja, tena kufikia Jumamosi. Hiyo haraka ni ya nani?

Tazama pia maneno yao. "Pande zote zimesameheana." Wewe ulimkosea nani hata usamehewe? Na katika yale uliyoninukulia hakuna mahali panaposema kilichotendeka, wala aliyekitenda. Huenda yapo kwenye mistari ambayo hukuniandikia. Isome tena uangalie.

Kuna hatari nyingine kwenye karatasi hiyo ambayo sidhani wazee walimweleza mama. Katika sheria ya jinai ya Kenya, kupokea pesa au manufaa yoyote kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai, au ya kutoshtaki, ni kosa lenyewe. Yaani kipengele kile cha polisi na mahakamani kinaweza kukugeukia wewe uliyeumizwa. Halafu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la aina hii si wa polisi wala wa familia, bali ni wa ofisi ya juu ya mashtaka ya serikali. Kikao cha sebuleni kwa mama hakiwezi kulifunga jambo hili hata mkitia sahihi nyote watatu. Piga picha karatasi hiyo, pande zote mbili, kisha umwonyeshe wakili kabla hujaigusa kwa kalamu. Wakili wa bure anaweza kupatikana kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Sisemi kwamba pesa ni mbaya. Fidia si hongo, na mtu aliyeumizwa akilipwa hajajiuza. Australia, baada ya tume ile, walianzisha mpango wa kitaifa Julai 2018. Manusura anaweza kupata hadi dola 150,000 za huko, pamoja na huduma ya ushauri nasaha, na akitaka, taasisi iliyohusika inakutana naye na kumwomba radhi. Pesa, ushauri nasaha, na kukiri. Anayekubali malipo hayo anaacha haki ya kuishtaki taasisi kwa madai ya fidia, na wako waliolalamikia sharti hilo. Lakini mlango wa polisi unabaki wazi. Kenya hatuna mpango kama huo. Ndiyo maana kila mmoja anabaki na wazee wake na karatasi yake. Hata hivyo, linganisha mambo hayo matatu na ulicholetewa: umepewa moja, na ukaombwa mdomo wako kama mabadilishano.

Basi mojawapo ya njia ni kuwajibu kwa barua yenu wenyewe. Mnaweza kusema mnachotaka: kanisa likiri kwa maandishi, ligharamie ushauri nasaha kwa muda mtakaouhitaji, lieleze nani alijua na lini, na fidia iwe ya yaliyotendeka, isiwe bei ya ukimya. Hatari yake ni kwamba wanaweza kuondoka na pesa zao wasirudi, na deni la hospitali likabaki pale pale. Usiipuuze hatari hiyo. Lakini kwa deni hilo, nenda kwanza kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mzungumze kulipa kidogo kidogo. Sh90,000 ni mzigo, ila sitaki ziwe ndizo zinazoshika kalamu.

Njia ya polisi iko. Kosa zito kama hili halina muda wa kuisha Kenya. Sheria ya 2006 inamlinda mvulana sawa na msichana, na kwa unajisi wa mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo ni si chini ya miaka 20. Watu wengi hudhani bila daktari na bila shahidi wa pili hakuna kesi. Sheria ya Ushahidi inasema katika kosa la kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake. Nanyi mko watatu. Hapa nina ombi: kila mmoja aandike kumbukumbu zake peke yake, kwa maneno yake, na msionyeshane. Msikae chini kulinganisha tarehe. Yale madaftari yakitajwa na watu watatu ambao hawakupanga, yana uzito. Mkiyapanga, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Lakini njia hiyo si laini. Kesi huahirishwa na kuahirishwa tena. Utaulizwa maswali yatakayokurudisha nyuma ya jikoni, na atakayeyauliza hatakuwa mpole. Unaweza kuomba usikilizwe faraghani na jina lako lisichapishwe, sheria inaruhusu, ila kijijini kwenu watu watajua. Na mwishoni anaweza kuachiliwa. Nimeona wanaume waliotoka kortini wameshindwa wakaniambia hawajuti, na nimeona aliyeshinda akakaa mwaka mzima hawezi kufanya kazi. Siwezi kukuambia wewe utakuwa yupi.

Iko pia Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kwa kuwa huyu bado ni mwalimu, tume inaweza kumfanyia kesi ya nidhamu na kumfuta kwenye sajili, na aliyefutwa haruhusiwi kufunza hata katika shule ya kibinafsi. Kuhusu fidia, mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kesi ya wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao. Hakumlaumu mwalimu peke yake. TSC na serikali nao walibebeshwa lawama, na wasichana wakapewa fidia ya jumla ya Sh5 milioni. Mahakama ilisema haitoshi kutuma nyaraka na kutunga kanuni ilhali watoto wanaendelea kuumizwa. Kesi ile ililetwa kwa msingi wa Katiba, na hilo ni muhimu kwako, kwa sababu madai ya kawaida ya fidia huwa na muda wa miaka 3, na kwa aliyekuwa mtoto muda huo huanza kuhesabiwa anapofika miaka 18. Wako umepita. Dai la kikatiba halina kikomo kama hicho, ingawa jaji atakuuliza kwa nini ulichelewa. Wakili atakueleza kama una nafasi.

Kuhusu Facebook, mwambie Musa namwelewa. Ila mkianzia huko, mwalimu ataonywa kabla ya mtu yeyote kumhoji, ushahidi unaweza kupotea, na anaweza kuwashtaki kwa kuharibu jina lake kabla nyinyi hamjamshtaki kwa lolote. Yule wa nne naye, asiyetaka kuongea, picha hiyo itamfikia kwenye simu yake kama ilivyowafikia wengine. Ana haki ya kutojulikana.

Mama yako sitamlaumu. Nadhani akikubali yaliyotendeka, itabidi aikumbuke siku ile kanisani kwa macho mengine, na hilo ni jambo zito kwa mama yeyote. Lakini methali yake haituingii hapa. Mwanaharamu hakupita. Alihamishiwa shule nyingine akapandishwa cheo.

Na hapa sitajifanya sina maoni. Kuna watoto shuleni kwake asubuhi hii. Ulinzi wao hauhitaji ungoje hadi uamue kuhusu pesa, wala kuhusu korti. Simu ya 116 ni ya bure na hupokea habari za watoto walio hatarini. Unaweza kusema unachokijua kuhusu mwalimu fulani katika shule fulani bila kumwaga maisha yako yote. Utafanya hivyo lini, na kama utafanya, ni juu yako. Nimekwambia tu kwamba jambo hilo linaweza kutengwa na mengine.

Nimeacha nyumba yako mwishoni kwa sababu ndiyo iliyonishika zaidi. Kuna uvumi mbaya sana kwamba aliyefanyiwa naye atafanya. Uvumi huo umewafunga wanaume wengi midomo na umewanyima watoto wao baba. Wengi mno wa waliodhulumiwa utotoni hawamdhuru mtoto yeyote maishani. Mikono unayoiogopa ndiyo inayomlinda mtoto huyo kiasi cha kumchosha mke wako. Mwenye nia mbaya haogopi beseni.

Kwa mke, huna haja ya kumwambia yote kwa siku moja. Unaweza kuanza na sentensi moja: "Shuleni kuna mwalimu aliyeniumiza, ndiyo sababu ninaogopa kwa ajili ya mtoto." Kisha unyamaze. Akiuliza zaidi, una haki ya kusema si leo. Yako mashaka kwamba atakuona mdogo, nayajua, na siwezi kukuahidi atakavyopokea. Ila tayari anaishi na jambo hili, hajapewa tu jina lake.

Tafuta pia mtu wa kukaa naye ambaye si mimi wa kwenye karatasi. Hospitali kadhaa zina vituo vya kuhudumia manusura wa dhuluma za kingono, na wanaume hupokewa. Nambari 1195, ya bure pia, itakuelekeza kilicho karibu nawe. Hata kama ni miaka 14. Ukifika mapokezi mtu akakutazama kwa mshangao, mwambie umetumwa na shangazi yako.

Wazee wakija Jumamosi, si lazima uwe na jibu. Waombe waje kwako, si kwa mama, na uwe na mtu mwingine mzima karibu. Wakikuuliza karatasi iko wapi, waambie bado unaisoma.

Shangazi